Tramu ya Taa na Choo cha Malomkert

Tiszavár, 21 Novemba 2011

Baba,

Salamu nitaziweka mwishoni, nikibakiwa na nafasi. Jana ulinikatia simu mara mbili, na mara ya pili sikuwa hata nimemaliza kutaja jina la Rozi. Karatasi haikatwi kama simu. Utaisoma yote, maana nakujua, huwezi kutupa kitu chenye stempu kabla hujakisoma.

Sikiliza basi. Tangu wafunge choo cha kituo cha mwisho cha Malomkert, mwaka wa tatu huu, sisi madereva wanawake wa tramu hatunywi maji kazini. Kile kibanda wamempangisha muuza maua, na ndoo zake zimejaa pale tulipokuwa tukinawa mikono. Chumba cha ndani, ndicho choo chenyewe, kimefungwa, ufunguo uko ofisini. Wanaume wanakwenda nyuma ya banda la mchanga wa kumwaga relini breki zishike, kama mlivyokuwa mkienda ninyi. Sisi tunabana. Rozi mwenzetu amebana mpaka figo zimemshinda. Yuko hospitali, uso umemuumuka kama unga uliotiwa hamira, na bado anatania. Anasema wodini kuna vyoo viwili, amefika peponi.

Tumemwandikia Géza, ambaye sasa ndiye mkuu wa karakana. Tumemwendea ofisini. Akasema bajeti hairuhusu. Wiki hiyohiyo mafundi wakaanza kuipamba tramu ya taa kwa ajili ya Krismasi. Mwaka huu ni taa elfu thelathini, eti za mwaka jana zilionekana chache.

Kwa hiyo tumepatana. Tramu za kawaida tutaziendesha, maana wauguzi na watoto wa shule hawakutukosea kitu. Lakini tramu ya taa ni ya kujitolea. Kila mwaka mtu huandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi ya ubaoni, tena kwa kugombania, na mwaka huu hakuna mwanamke atakayeandika. Wanaume nao wameona aibu, hawajaandika. Karatasi iko tupu. Choo kikifunguliwa tutaandika wote.

Nasikia Géza anawatafuta wastaafu. Wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha, kwa hiyo ataanza na wewe. Akikupigia, Baba, kataa. Ukikubali tumekwisha, kwa sababu watasema hata baba yake Emőke anatuona wapuuzi.

Msalimie Mama.

Emőke


Almásd, 25 Novemba 2011

Emőke,

Nimeisoma yote. Si kwa sababu ya stempu.

Kwanza, choo si habari ya kuandikiana. Bibi yako angezimia.

Pili, tramu ya taa si mali ya Géza, wala si yenu. Mwaka tulipoipamba mara ya kwanza hakuna ofisi iliyotutuma. Tulikuwa mimi, Feri na marehemu Vince. Tulifunga taa kwa waya kwa mikono yetu, vidole vikapasuka kwa baridi, na tulipotoka karakanani watu walisimama kando ya reli wakavua kofia kama vile anapita askofu. Ndiyo hiyo mnayotaka kuifungia ndani kwa sababu ya haja ndogo.

Tatu, nimeendesha tramu miaka thelathini na minne na sikufa. Mtu hupanga mwili wake kama anavyopanga ratiba. Mama yako naye alikuwa kondakta, na sikumsikia akilalamika hata siku moja. Aliacha kazi kwa kuwa alipenda kukaa nyumbani akulee wewe.

Kuhusu Géza, simu haijalia hapa.

Tumechinja nguruwe Jumamosi. Nakutumia soseji kwa mkono wa kondakta wa treni ya asubuhi. Usizitie mafuta ukizikaanga, zina mafuta yake.

Huyo Rozi mpe pole. Anywe maji.

Baba yako


Tiszavár, 2 Desemba 2011

Baba,

Ni kweli simu haikulia. Géza alikuja mwenyewe, kwa gari, na chupa ya pombe ya plamu, mkakaa jikoni. Ameyasema mbele ya karakana nzima huku akicheka.

Leo asubuhi nimelikuta jina lako kwenye karatasi. Sikuhitaji kuuliza. Hakuna mwingine anayeandika L ya jina lako namna ile, kama mtu anayefungua lango. Maana yake ulikuja mjini, ukaingia karakanani, ukaomba kalamu, ukapita mtaa wangu kurudi stesheni, na mlango hukuugonga. Mwizi angalau huja nyumbani kwa mtu.

Unajua walivyonipokea? Kati, dereva mwenzangu, akaniita kwa jina la ukoo mbele ya wote. "Bodnár, baba yako anaendesha mti wa Krismasi, halafu wewe unatuambia tubane." Ilus, ambaye hajawahi kunitolea neno baya, alichukua kikombe chake akahamia meza nyingine.

Unasema Mama hakulalamika. Uliwahi kumuuliza?

Soseji nimezipeleka karakanani, tumezila. Zilikuwa nzuri. Hilo halibadilishi kitu.

Futa jina lako.

Emőke


Tiszavár, nyumbani kwa Feri, 4 Desemba 2011

Emőke,

Sifuti.

Nitakaa hapa kwa Feri na mkewe Magda mpaka Krismasi, maana treni ya mwisho ya Almásd huondoka kabla tramu haijamaliza mizunguko. Kwako sikuja kwa sababu nilijua ungeniambia hayahaya uso kwa uso, na uso kwa uso siwezi kubishana nawe vizuri. Umechukua macho ya mama yako.

Keshokutwa ni siku ya Mtakatifu Mikulás. Watoto wameshang'arisha viatu wakaviweka dirishani ili Mikulás awatilie pipi, na jioni wataletwa Malomkert wanione nikifika na ndevu na koti jekundu. Niwaambie nini? Kwamba Mikulás amegoma? Ninyi mnagombana na Géza, fimbo mnampiga mtoto.

Na usidhani sikulitaja jambo lenu. Nililitaja. Géza akasema atalifikiria mwakani. Ni kijana mwenye adabu, huniita mwalimu mpaka leo.

Nimekasirika kuliko wewe, ila mimi sipigi kelele.

Baba yako


Tiszavár, 8 Desemba 2011

Emőke,

Umefurahi sasa?

Nani aliwaambia mje msimame mbele ya banda la mchanga? Kituo kizima kiko wazi, mkachagua pale, na mabango yenu, na Rozi katikati juu ya kiti kama malkia.

Nilikunywa chai kwa Feri kabla ya kuondoka, vikombe viwili, kama desturi yangu ya siku zote za baridi. Zamani vilinifikisha. Sasa nina miaka sitini na sita, na hilo sikulikumbuka. Nilipofika Malomkert nikashuka niende mahali petu, kumbe hapapo tena. Tramu yenyewe imeumulika ukuta wote wa banda, mweupe kama shuka, ungeweza kuokota sindano. Mbele wewe na wenzako. Nyuma wazazi na simu zao za kupigia picha. Na watoto wamening'inia kwenye koti langu, "Mikulás, unakwenda wapi?" Mikulás aende wapi? Nikamwendea muuza maua, akanionyesha ndoo na mlango uliofungwa. Nikarudi kwenye kiti changu nikaendesha njia nzima ya kurudi nikitabasamu ndani ya ndevu, kengele nikaipiga kila kituo.

Njiani chai ya chupa ilinimwagikia. Koti likalowa, ikabidi Géza anitafutie jingine. Ukiulizwa na mtu, ni chai.

Lakini Géza amesikia. Nilizungumza naye kwa heshima, bila bango, na leo asubuhi wameleta choo cha plastiki, kipya, cha buluu, kando ya reli palepale Malomkert. Ndiyo tofauti kati ya kuomba na kugombana. Jifunze.

Baba yako


Tiszavár, 11 Desemba 2011

Baba,

Tulisimama mbele ya banda kwa sababu hapo upepo haufiki, na Rozi ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali. Hukufikiriwa kabisa. Hatukujua kwamba ungehitaji kwenda huko, kama wewe usivyowahi kujua sisi tunakwenda wapi.

Kuhusu chai sitasema neno, ila moja. Nilikuwepo karakanani uliposhuka. Nilijibanza nyuma ya tramu nyingine ili usinione. Sikufurahi, Baba. Unaniuliza kama nimefurahi, sikufurahi.

Sasa nikueleze habari za hicho choo chako cha adabu. Kina kufuli. Mlangoni wamebandika tangazo la ofisi: kwa matumizi ya dereva wa tramu ya taa pekee, kitaondolewa baada ya sikukuu. Ufunguo umepewa wewe, na nadhani uko mfukoni mwako unaposoma hapa. Jana Rozi alirudi kazini, siku yake ya kwanza, daktari amemkataza kubana hata kidogo. Alipofika Malomkert akampigia Géza simu, akamwomba kwa heshima, ile unayoipenda. Mimi nilikuwa kando yake, akaniwekea sauti nisikie. Géza akasema, "Mama, hicho tumemkodia mzee. Ninyi fuateni ratiba yenu."

Rozi akaenda nyuma ya banda, mchana kweupe, Kati na mimi tumemshikia makoti kama pazia. Wanafunzi wa kiume wakapita wakapiga miluzi.

Miaka mitatu tumeandika, tumeketi vikao, tumelaza mtu hospitali. Mzee mmoja amemwaga chai, na choo kikaletwa kabla koti halijakauka. Unasema nijifunze. Nimejifunza.

Usiniandikie tena mpaka uwe na la kusema.

Emőke


Almásd, 13 Desemba 2011

Baba Emőke,

Magda amenipigia kuniuliza lile koti jekundu, eti limemwagikiwa chai, lifuliwe kwa maji ya moto au ya baridi. Kwa hiyo najua. Usimkasirikie, alidhani umeniambia.

Leo ni siku ya Mtakatifu Luca. Mama zetu walitukataza kushona na kufua siku hii, basi nimeshika kalamu.

Emőke amenisimulia ulivyomwandikia, kwamba niliacha tramu ili nimlee. Emőke alizaliwa mwishoni mwa mwaka themanini. Mimi niliacha kazi majira ya baridi ya mwaka sabini na tisa. Hesabu hiyo ungeweza kuifanya mwenyewe, ila hukuwa na sababu ya kuifanya.

Nitakuambia mara moja tu. Ilikuwa asubuhi ya theluji, gari limejaa watu wa kiwanda cha sukari, tukakwama darajani. Nilikuwa kazini tangu alfajiri na sikuwa nimekwenda mahali. Nilimwomba dereva anifungulie mlango nishuke, akasema vumilia, dada, sasa hivi tunaondoka. Nilivumilia mpaka mwili ukakataa, nikiwa nimesimama, mkoba wa tiketi shingoni. Mwanamume mmoja akasema, "Kondakta anavuja," na gari zima likacheka. Nikaendelea kukata tiketi mpaka kituo cha mwisho, maana sikujua la kufanya jingine.

Nilipofika nyumbani uliniuliza sketi imelowa nini. Nikasema chai. Ukasema pole, ukavaa kofia, ukaenda kazini. Baada ya wiki moja niliacha, na wewe ukawaambia watu kwamba mke wako anapenda nyumba yake. Sikukukatalia, maana hadithi yako ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Miaka yote hii nilidhani sikuwa na hasira. Magda alipotaja chai nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni mpaka maziwa yakafoka yakamwagika jikoni kote, na sikuinuka kuyatoa.

Wewe ulipewa choo. Mimi sikupewa hata swali la pili.

Sikuambii la kufanya. Emőke hajui habari hii.

Etelka


Tiszavár, 17 Desemba 2011

Emőke,

Uliniambia nisiandike mpaka niwe na la kusema. Ninalo.

Juzi niliingia kwa Géza nikaweka ufunguo wa kile choo cha buluu mezani pake, nikamwambia siendeshi. Alidhani ni ile habari ya koti, akaanza kunibembeleza, nisijali, mambo hayo humpata kila mtu, hakuna aliyeona. Nikamwambia afungue choo cha zamani, kwa wote, na cha buluu akirudishe kilikotoka. Akanitazama kama mtu aliyeona farasi akiongea. "Mwalimu wangu, yaani yote haya ni kwa ajili ya choo?"

Nikamjibu, "Ndiyo, kwa ajili ya choo. Kama unaona ni jambo dogo, leo jioni endesha wewe. Lakini kabla hujaondoka, kunywa chai vikombe viwili hapa mbele yangu."

Hakunywa.

Jina langu nimelikata kwa mstari mmoja. Tramu imelala karakanani, giza. Sikutaka watu waambiwe uongo, kwa hiyo jioni nilikwenda Malomkert nikasimama kituoni, na kila aliyekuja na mtoto nikamweleza kwa mdomo wangu kwa nini haiji. Mtu mmoja aliyebeba mwanawe mabegani alinitukana matusi ambayo sijayasikia tangu jeshini. Mtoto alikuwa analia na mimi ndiye niliyemliza, hilo silikatai. Kisha mama mmoja akaniuliza choo kiko wapi, binti yake amebanwa. Nikampeleka nikamwonyesha kufuli. Naye akanitukana, lakini huyu nilikubaliana naye.

Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako, na lile neno "mwizi" bado limenikaa kooni. Mama yako ameniandikia jambo. Muulize mwenyewe, na akikuambia, usije kuniuliza mimi. Almásd sirudi kwa sasa. Sijui nitaingia mlangoni na uso gani.

Baba yako


Tiszavár, 22 Desemba 2011

Baba,

Wiki hii tumetukanwa vituo vyote. Kati alirushiwa donge la theluji lenye jiwe ndani, kioo cha mbele kikapasuka, akaendesha mpaka mwisho akiwa na vigae mapajani. Gazeti liliandika kwamba wanawake wa tramu wamewaibia watoto Krismasi. Ilus alilia chooni. Nasema chooni, ni cha karakanani. Malomkert asingekuwa na pa kulilia.

Halafu yule mama uliyemwonyesha kufuli, kumbe alilipiga picha, pamoja na lile tangazo. Picha ikatoka gazetini. Kuanzia siku hiyo watu wakaacha kutuuliza sisi tunataka nini, wakaanza kumuuliza Géza.

Leo muuza maua ameondoa ndoo zake. Chumba cha ndani kimefunguliwa, bomba linatoa maji, na kila dereva amepewa ufunguo wake. Géza alizigawa funguo hizo bila kumtazama mtu machoni. Akasema ni mpaka mwisho wa majira ya baridi, mengine tutaonana mwakani. Rozi akamwambia, "Ndiyo, mwakani utatuona." Hakuna aliyepiga makofi. Tuliandika majina kwenye karatasi tukarudi kazini.

Neno "mwizi" nalirudisha. Mengine yanabaki.

Nimemuuliza Mama, ameniambia. Nimekuandikia barua mbili kuhusu hilo na zote nimezitia kwenye jiko la moto. Hazikuwa zangu kuandika. Limebaki moja tu: nenda nyumbani.

Kesho tramu ya taa naiendesha mimi. Mama anakuja kwa treni ya mchana.

Emőke


Tiszavár, stesheni, 23 Desemba 2011

Baba Emőke,

Naandika kwenye benchi nikingoja treni, na barua hii Magda atakuletea mkononi. Yuko hapa kando yangu, anajifanya hasomi.

Tramu nimeipanda, kutoka karakana mpaka Malomkert. Ilijaa, watu wakaimba, mtoto wa mtu akanifutia pua yake kwenye mkono wa koti. Emőke anaendesha vizuri kuliko wewe, hakanyagi breki ghafla. Kituo cha Soko nilikuona. Ulisimama nyuma ya mti mwembamba kuliko wewe. Kama ulitaka kujificha ungevua ile kofia.

Mwishoni nilishuka, nikamwomba Emőke ufunguo, nikaingia. Huko nje tramu inawaka na watu wanasubiri kuondoka. Wakasubiri. Nilikaa ndani muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Nilipotoka, yule Rozi akanipa mkono kama watu wazima wanavyopeana mikono kwenye msiba.

Samaki wa Krismasi nimemnunua, anaogelea nyumbani kwenye beseni la kuogea. Kumchinja siwezi, miaka yote ni kazi yako, na kesho mchana lazima awe sufuriani. Kuna treni ya saa nne asubuhi. Hasira yangu haijaisha na sitaificha kwa ajili ya sikukuu. Utaikuta mezani, utakula nayo.

Ila kabla hujapanda treni pita kwa Géza, kwa kuwa wewe bado anakuita mwalimu. Mwambie mlango wa choo cha Malomkert haufungi mpaka usukumwe kwa bega. Mwambie maji ni ya barafu, na taa ya ndani inazimikazimika, wakati nje zipo elfu thelathini. Na ukutani hakuna hata msumari. Mwanamke mwenye mkoba wa kazi auweke wapi, sakafuni?

Usimwambie naomba. Mwambie nimesema.

Etelka